Mfuniko wa boksi: kisa cha kadi za Madam na ngao ya chama chetu

Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba 2024 tulikuwa kwenye ukumbi mmoja Kirumba, Mwanza, walimu wa Kiingereza kama sitini hivi, wa sekondari wengi na wa msingi wachache, wa Nyamagana, Ilemela, Misungwi, Magu, Sengerema, na wawili tu kutoka kisiwani Ukerewe. Tarehe tuliichagua makusudi maana tarehe 5 Oktoba ndo Siku ya Walimu Duniani, inaadhimishwa toka 1994, na mwaka huo ikaangukia Jumamosi, tukasema safi, tukutane tushukuriane wenyewe kwa wenyewe. Chama chetu ni kidogo, cha walimu wa Kiingereza wa huku kwetu, jina silitaji na majina ya watu pia siyataji, ninachotaka ni kisa kieleweke sio mtu aanze kutafutwa. Mi nilikuwa katibu msaidizi, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu, hilo niliseme mapema kabisa.

Ikafika zamu ya ngao ya ubunifu wa zana za kufundishia. Akaitwa mwalimu mmoja kijana wa shule ya mjini, akapanda na kadi zake, nzuri kweli, zimechapwa, zimepigwa laminesheni, zina picha za rangi, akainua moja akaisoma kwa sauti: "When the moon is big my father mends nets and quarrels." Ukumbi mzima ukacheka, maana kila aliyekulia karibu na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, anamjua huyo baba. Nyuma upande wa dirishani alikaa Madam, mwalimu wa sekondari ya kata huko Ukerewe, mtu mzima, kabakiza miaka michache astaafu. Alikuwa ameshika chupa ya maji anaifungua. Mkono ukasimama. Akaiangalia ile kadi mpaka iliposhushwa, akapiga makofi kama sisi wengine, akaiweka chupa chini ya kiti, na saa saba akaaga kwamba anawahi meli ya mchana ya Nansio, huko huko Ukerewe. Ile chupa niliikuta jioni tunapanga viti, haijafunguliwa.

Ile sentensi ilikuwa ya darasa lake.

Kadi zenyewe

Kwa asiyefundisha huku nieleze kidogo, maana bila kuzielewa zile kadi hutaelewa kwa nini tulichofanya kiliuma vile. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, akivuka tu kuingia kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, Jiografia Kiingereza, Biolojia Kiingereza, Hisabati Kiingereza, na wote wanamwangalia mwalimu wa Kiingereza kana kwamba ana ufunguo mfukoni. Visiwani kuna la ziada, dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola, taa inawavuta juu wanazingirwa na wavu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga na taa inakosa nguvu, kwa hiyo watu wanaingia ziwani kwenye giza na wanapumzika kwenye mbalamwezi. Hiyo kitu ukifungua daftari la mahudhurio la shule ya kisiwani unaiona bila kuambiwa: giza likiingia wavulana wa madawati ya nyuma wanapungua, mbalamwezi ikija wanarudi, macho mekundu, wamepitwa na wiki mbili.

Wengine tungeandika barua kwa wazazi. Madam barua aliandika pia, lakini akafanya na kingine, akaichukua kalenda ya giza akaifanya somo la nyakati. Giza lililopita, giza hili, giza lijalo. Wale watoto wakati wanaujua kuliko mimi na wewe, wanajua juzi walipata ndoo ngapi na wiki ijayo nani anaingia ziwani na nani anabaki, kinachowashinda ni kuuweka huo wakati kwenye Kiingereza. Kiswahili kinauweka mbele, walivua, wanavua, watavua, ukisikia herufi za mwanzo tu ushajua. Kiingereza kinauficha mkiani, "mend" inakuwa "mended", na mara nyingine kinaligeuza neno zima usilitambue, "catch" inakuwa "caught", "sell" inakuwa "sold", "buy" inakuwa "bought", "go" ndo kabisa inakuwa "went". Na ukikaa ukafikiri, maneno ya mwaloni karibu yote ni hayo hayo ya kugeuka, kukamata, kuuza, kununua, kwenda, kuja, kulala. Kwa hiyo yeye alianza na magumu kwanza, kinyume na vitabu vyetu, kwa sababu magumu ndo yalikuwa maisha yao.

Kuna kipindi kimoja alitusimulia ambacho mpaka leo nakitumia. Alikuwa anafundisha tofauti ya "have come back" na "came back", pale ambapo kila mwaka wanafunzi wangu wananitumbulia macho. Akawauliza, uko nyumbani unasikia mtu anapiga kelele "wamerudi!", unafanya nini? Wakasema nashika ndoo nakimbia ufukweni. Na ukisikia "walirudi"? Darasa likacheka, mmoja akasema basi Madam nimechelewa, dagaa wameshauzwa. Akaandika ubaoni hizo mbili, akachora ndoo chini ya moja, nyingine akaiacha tupu. Hakuongeza maelezo.

Kadi zilikuwa 48. Zimekatwa kwenye maboksi ya sabuni, zimeandikwa kwa makapeni, zimezungushiwa selotepu ili zisiloe maana wale vijana walikuwa wanaondoka nazo, tatu tatu, kwenda nazo kambini wakati wa giza. Upande mmoja mchoro, kasia, wavu wenye tundu, taa, mzani wa kupimia, mama anaanika dagaa. Upande wa pili sentensi ya mwanafunzi mwenyewe. Madam alisahihisha sarufi tu, habari hakuigusa, ndo maana yule baba mgomvi amebaki na ugomvi wake.

Jinsi jina lilivyopotea

Machi 2023 tulikuwa na semina ya siku moja Misungwi. Madam alikuja na boksi lake, akatuonyesha, tukashangilia, nikamwomba nizipige picha niwarushie wenzetu kwenye grupu. Akasema piga mwanangu, ndo nimezileta zitumike. Nikazipanga kwenye dawati karibu na dirisha, moja moja, mbele na nyuma. Mfuniko wa boksi ulikuwa unanizuia nafasi, nikauweka pembeni kwenye benchi. Kwenye ule mfuniko, kwa ndani, ndo kulikuwa kumeandikwa jina lake, shule, na majina ya darasa. Nilipiga picha 96. Mfuniko sikuupiga.

Nikarusha zile picha na maneno haya: "Zana nzuri sana za tenses, tumieni wadau." Ndo hivo tu. Nimerudi kuyatafuta haya maneno mara nyingi, bado yapo, yana vidole gumba vingi chini yake.

Baada ya hapo zikaenda zenyewe. Mtu akaziunganisha zikawa faili moja, faili likavuka shule kwa shule, Ilemela, Magu, mpaka kwa watu ambao hata sio wanachama. Yule kijana wa mjini alijiunga na chama baadaye, faili alipewa na mwenzake, akaona michoro ya makapeni haisomeki vizuri akachapa upya, akatafuta picha, akatoa hela yake mfukoni kulipia laminesheni. Fomu yetu ya kuomba ngao ilikuwa na swali "zana uliyotengeneza", akajibu kwamba katengeneza kadi, na ni kweli alizitengeneza kwa mikono yake. Wapo waliomwita mwizi baadaye na mi nilikataa, nakataa mpaka leo. Kijana alipokea kitu kisicho na mwenyewe kwa sababu mimi nilikitoa hivo.

Ila kuna jambo zito kuliko la mfuniko. Kamati ya ngao tulikuwa wanne. Zile kadi zilipowekwa mezani mimi nilizitambua, yaani sio kwamba sikukumbuka, nilizitambua palepale, nikajisemea moyoni hizi si ndo za Madam, kila mtu anajua. Nikanyamaza, tukaendelea na ajenda maana ilikuwa jioni na watu wanataka kurudi makwao. Baadaye nilikuja kuulizia mmoja mmoja, kwenye wale sitini waliojua hawakufika hata sita. Lile neno "kila mtu anajua" tunalisema sisi tunaokaa karibu na meza ya kamati, kwa sababu tunaongea wenyewe kwa wenyewe mpaka tunadhani tumeongea na chama kizima.

Jumatatu yake asubuhi Madam akatoka kwenye grupu. Hakuandika neno. Siku mbili tatu hakuna aliyeuliza, na mi nilijifanya nadhani kabadilisha simu.

Kilichofuata hakikuwa ugomvi, na nadhani ungekuwa ugomvi tungeuwahi. Ilikuwa kupoa. Mwanzo kwenye lile grupu ilikuwa haipiti wiki bila mtu kurusha kitu, zoezi la ufahamu, wimbo wa herufi, mtihani wa majaribio na majibu yake, mtu anauliza saa nne usiku jinsi ya kufundisha insha darasa la watu sabini na anajibiwa na watatu. Kufika Januari 2025 yamebaki matangazo, pole, hongera na heri ya siku ya kuzaliwa. Nikampigia mwalimu mmoja wa Magu ambaye alikuwa anarusha sana, nikamuuliza vipi mbona kimya kaka, akacheka kidogo akasema, "Ticha, nikiweka changu pale si nitakutana nacho jukwaani kina mwenyewe mwingine?" Huyo hakuwa rafiki wa Madam, hawajawahi hata kula pamoja. Alikuwa ameona tu.

Ngao ni ya nani

Kwenye kikao cha Februari mwenyekiti akasema tatizo ni dogo, Madam kaumia kukosa ngao, tumtengenezee ya heshima, tumwite tumpe, tumalize. Mhazini akaanza kupiga hesabu ya ngao. Mi nikasema hapana lakini nikashindwa kueleza kwa nini, nikabaki naonekana mbishi. Imenichukua muda kupata maneno, na maneno yenyewe ni haya.

Mwalimu wa serikali ana sehemu anayoshukuriwa na mwajiri. Mei Mosi inafika, mfanyakazi hodari anatajwa, anapewa cheti na bahasha, picha inapigwa, na ni vizuri, tusiidharau. Lakini yule ni mwajiri anamshukuru mfanyakazi wake, anaangalia kutoka juu, na kutoka juu kinachoonekana ni matokeo na nidhamu. Chama cha walimu wa somo kazi yake ni nyingine. Pale anayekutazama ni mtu aliyesimama mbele ya ubao ule ule, aliyekwama kwenye "have come back" kama wewe ulivyokwama, akachukua njia yako akaijaribu Jumanne asubuhi ikamsaidia. Huyo ndo mwenye haki ya kusema asante, na asante yake ni kusema nimetoa kwa nani. Sisi tuliiga ya mwajiri. Tukaweka fomu, mtu ajiombee mwenyewe, kamati ikae pembeni ipime. Mtu kama Madam hajazi fomu ya kujisifu hata umpe kalamu ya dhahabu.

Ngao zetu nyingine zilikuwa hivohivo. Ile kubwa tulitoa kwa wastani wa somo kwenye matokeo ya kidato cha nne, unafungua matokeo ya Baraza la Mitihani, unaangalia shule ipi iko juu kwenye Kiingereza, unaita mwalimu wake. Kila mwaka ilienda kwenye shule zinazochukua watoto kwa usaili, waliosoma msingi kwa Kiingereza. Walimu wake ni wazuri, sibishi. Ila mtoto aliyeingia akiwa anaongea akatoka anaongea, na mtoto wa mwaloni aliyeingia hajui kuomba ruhusa kwa Kiingereza akatoka anaandika barua ya kazi, hao wawili hutaona safari zao kwenye karatasi ya matokeo.

Na kuna suala la nani anaonekana. Vikao vyetu vyote vilikuwa mjini. Wa Nyegezi anapanda daladala, anarudi kula kwake. Wa Ukerewe ana nauli ya meli kwenda na kurudi, zaidi ya saa tatu majini, akikosa ya mchana analala gesti kwa hela yake, kwa hiyo anaondoka saa saba, na mambo yetu yote ya maana tulikuwa tunayaongea baada ya chakula. Miaka mitatu Madam hajawahi kusikia kikao kikifungwa.

Huwa nawakumbusha wenzangu hivi vyama vilianzaje. Wamarekani wana chama chao, National Council of Teachers of English, kilianzishwa Chicago mwaka 1911, na moja ya mambo makubwa yaliyowakusanya ni manung'uniko: vyuo vikuu vilikuwa na orodha za vitabu vya mtihani wa kujiunga, na walimu wa sekondari wakajikuta wanafundisha orodha badala ya kufundisha watoto waliokaa mbele yao. Mwaka uliofuata, 1912, likaanza jarida lao la English Journal, likawa sehemu ambayo mwalimu wa darasani anaandika anachofanya, na jina lake liko juu ya makala. Jambo hilo ni dogo ukilitazama lakini mi naona ndo lenye uzito, kwamba ukichukua wazo la mtu una mahali pa kwenda kuona ni la nani, na unaweza kumwandikia ukamuuliza au ukambishia. Sisi tulikuwa na faili linalozunguka bila uso.

Nansio

Machi 2025 tukaenda, mi na mhazini, ngao hatukubeba. Nilimpigia Madam kabla nikamwambia nakuja kukuomba radhi, akasema karibuni, njooni na njaa. Tukamkuta nyuma ya nyumba anaosha vyombo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akatuwekea viti chini ya mchungwa, tukala ugali na sato wa kukaanga na mlenda, hakuna aliyegusa jambo mpaka tuliponawa.

Nikasema yote, mfuniko, fomu, ile jioni ya kamati nilivyozitambua nikanyamaza. Akasikiliza. Kisha akainuka akaingia ndani akarudi na ule mfuniko. Boksi lenyewe lilishachakaa, kadi zimebaki kama ishirini, nyingine ziliishia majini, ila mfuniko upo. Kwa ndani, makapeni ya bluu: jina lake mstari wa kwanza, na chini yake majina thelathini na moja, kidato cha pili B, kila jina na namba za kadi alizoandika. Nilikuwa nimeushika ule mfuniko kwa mkono wangu Misungwi na sikuwa nimesoma kushuka chini ya jina la Madam.

Akaniambia, "Mwanangu, mi ngao nitaiweka wapi, kwenye kabati la vyombo? Nilipotoka Misungwi mwaka ule niliwaambia watoto, sentensi zenu zinakwenda kusomwa mjini. Wakawa wananiuliza kila wiki, Madam, zimesomwa? Ile siku Kirumba ndo nasikia zinasomwa, watu wanafurahi, na mimi sina cha kuwapelekea. Nirudi niwaambie nini? Kwamba zimesomwa ila ni za mtu?"

Mhazini akainamisha kichwa. Mi nikaomba kupiga picha mfuniko, akacheka, akasema leo umekumbuka.

Namba 17, ya yule baba na nyavu, iliandikwa na kijana ambaye kidato cha tatu hakumaliza. Yuko kwenye mtumbwi wa huyohuyo baba.

Tulichobadilisha, na tulichoshindwa

Tulikubaliana vitu vichache. Kila zana inayorushwa ina mistari miwili juu, sio chini, juu: imeanzia kwa nani na shule gani, imeongezwa au kubadilishwa na nani. Ukipewa kitu hakina, unauliza kabla hujakipitisha. Fomu ya kujiombea tukaifuta, badala yake kwenye kikao kila anayetaka anasimama anasema nilichukua hiki kwa fulani nikakitumia hivi kikatokea hiki, dakika mbili, ikiwa kilifeli aseme pia. Mwanzoni watu waliona aibu, kusifu mwenzako mbele za watu bila msiba wala harusi sio kawaida yetu, lakini kikao cha pili tulilazimika kuwakatisha.

Yule kijana wa mjini sikumwambia cha kufanya. Nilimtumia picha ya mfuniko tu. Akakaa siku nne kimya, nikaogopa nimempoteza na yeye. Siku ya tano akanitumia kadi mpya, amechapa zote 48 upya, kila moja chini ina jina la kwanza la mwanafunzi, na kwenye mfuniko kaweka mistari kama ya Madam, kisha kwa herufi ndogo jina lake, "aliyechapa". Akaniuliza kama hiyo kazi ina jina zuri zaidi ya hilo. Nikamwambia aliyechapa inatosha, na ni kazi.

Kikao cha Julai 2025 tukakipeleka Nansio. Tarehe alipanga Madam, akasema njooni Jumamosi ya tarehe 12, mbalamwezi, watoto wangu watakuwa nchi kavu. Malalamiko ya mjini yalikuwa mengi, nauli, kichefuchefu, nani atalipa gesti, mhazini akatoa daftari akasoma Madam ametumia nauli kiasi gani kwa miaka mitatu, kelele zikapungua. Wa Sengerema ndo walinifurahisha, daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa Juni, wakavuka alfajiri bila foleni ya kivuko wakafika bandarini Mwanza kabla hata ya sisi wa mjini. Tulifika kumi na tisa. Kwenye sitini sio wengi, najua.

Nyuma ya darasa walikaa vijana kama kumi, wengine sare, wengine wameshaacha shule. Yule kijana wa mjini akasoma namba 17 akasema na mwandishi wake yupo, kaka simama. Akasimama, mrefu, mikono imepasuka kwa kamba, hakujua aangalie wapi. Mwalimu wa Magu akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu, baba anasemaje kuhusu hii sentensi. Akafikiri. "He has not heard it," akasema. Kisha akajisahihisha mwenyewe, "He had not heard. Yesterday I told him." Madam hakusema kitu, alikuwa ananyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka tayari.

Yapo yaliyobaki. Ngao ya matokeo bado ipo, mwenyekiti anaitaka na wapo wanaomuunga mkono, wanasema wakuu wa shule wakiona ngao ndo wanatoa ruhusa na nauli, na hilo nalo lina ukweli wake, bado tunabishana. Grupu halijarudi kuwa kama zamani. Madam mwenyewe hajarudi humo na nimeacha kumuomba, kasema karatasi inamtosha. Anatuma kwa meli, anampa mtu anayemfahamu, mi naifuata bandarini jioni. Wiki iliyopita imekuja bahasha ya kaki, ndani kadi kumi na mbili za maboksi, darasa jipya, kuhusu kusubiri mtu ambaye hajarudi. Juu ya zote ameweka kipande cha boksi chenye majina, kakifunga kwa raba bendi ili kisiachane nazo.